Shule imekata vipindi, mwanangu kaanza kupara samaki Sahare

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto 3, naishi hapa Tanga, Makorora, kazi yangu nakaanga samaki pale soko la samaki la Deep Sea, natoka nyumbani saa 11 alfajiri kila siku labda bahari ichafuke ndo sitoki. Huyu nnaekuandikia habari zake ni wa katikati, wa kiume, ana miaka 10, yuko darasa la nne shule ya serikali, jina la shule naomba niliache maana mtoto bado anasoma hapo.

Muhula ulivofunguliwa tukaitwa kikao cha wazazi. Tukaambiwa kuna jengo la vyumba viwili limepata nyufa kubwa, limefungwa watoto wasije wakaangukiwa, kwaiyo kuanzia sasa la tatu na la nne watabadilishana vyumba, wanasoma kwa shifti. Wiki hii la nne wanaingia asubuhi saa 1:30 wanatoka saa 5:50, wiki ijayo wanaingia mchana saa 6:30 mpaka saa 10:50. Na Ijumaa, wale ambao wiki hiyo ni ya mchana hawaendi kabisa kwa sababu ya swala. Zamani walikuwa wanasoma vipindi 8 kwa siku wanatoka saa 8, sasa hivi ni vipindi 6. Nikanyoosha mkono nikauliza hivi vipindi vingine vinaenda wapi na hii kitu itakwisha lini, shangazi kimya. Baba mmoja akasema kama mtu haridhiki ampeleke mtoto English medium, watu wakacheka, nikakaa chini.

Wiki ya asubuhi sina neno sana. Shida ni ile wiki ya mchana. Mimi nimetoka alfajiri, dada yake yuko form two ametoka saa 12, mdogo namuacha kwa jirani, yeye anabaki peke yake mpaka saa 6. Alafu akitoka shule saa 10:50 mpaka afike nyumbani chuo cha Kurani kimeshaanza, ustadhi kashanilalamikia mara mbili kwamba mtoto anakosa wiki nzima nzima, amerudi nyuma kwenye juzuu.

Sasa walimu wakaja na twisheni. Wiki ya mchana, asubuhi saa 2 mpaka saa 4, shilingi 500 kwa siku kila mtoto. Wanasema ni hiari. Shangazi, 500 mara siku tano ni 2,500, na mimi kuna siku nikishatoa mafuta na kuni na samaki wenyewe nabaki na 4,000 ya kula watu watano. Nikasema huyu hatoenda, sina. Nilisema kwa sauti mbele yake, wala sikufikiria kama anasikiliza. Na moyoni naona kama yale masaa waliyoyakata ndo tunauziwa, sijui kama nawaonea.

Wiki iliyopita nikachukua daftari lake la Hisabati niangalie. Nafungua, kurasa zimegandana. Nazibandua taratibu, naona magamba ya samaki. Mengi tu, madogo yale ya changu, yamekauka yanang'aa kwenye karatasi. Mimi samaki ndo maisha yangu, nyumba yangu nzima inanuka samaki, mtoto angerudi ananuka mwaka mzima nisingejua, ila daftari lake mimi silishiki na mikono ya kazini hata siku moja. Kumuuliza akakataa, nikamtandika na mwiko, ndo akasema anaenda kule pwani Sahare na wenzie kwa baiskeli, wanawaparia watu samaki, wanapewa mia tano, buku, inategemea ndoo.

Alafu shangazi akaenda kitandani akatoa soksi, ndani ina 3,500, akanipa akasema mama hii ya twisheni, si ulisema huna.

Sijalala vizuri toka siku hiyo. Baba yake ni dereva wa roli, yuko njia ya Arusha, nikimpigia ananiambia we unapenda mambo, shule ya bure unataka nini tena, sisi mbona tulisoma hivohivo. Mama yangu yuko Muheza anasema nimletee mjukuu asome kule, shule ya kule wanasoma mpaka saa 8 kama kawaida. Na mimi naogopa nikiongea tena shuleni mwanangu ataonekana mtoto wa mama mkorofi, si unajua walimu. Nimlipie hiyo twisheni kwa kujibana? Nimpeleke Muheza? Au ninyamaze tu kama wenzangu? Nishauri shangazi yangu.

Mama wa Makorora


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, pole, na nimeisoma barua yako mara mbili, ile sehemu ya soksi mara tatu.

Naanzia hapohapo. Huyo mtoto si mtoro. Mtoro anakimbia shule, huyu kaenda kutafuta hela ya kusomea, kasikia mama hana akaenda kutafuta njia yake, kakosea njia. Ulimpiga kabla hujajua, imeshapita, lakini leo usiku kaa nae, mwambie ulipiga kwa hofu na hela yake umeiona. Usiile ile hela wala usimrudishie aende akanunue vitu, mnunulie daftari jipya na rula na penseli kwa hela hiyohiyo mkiwa wote wawili dukani. Alafu mwambie Sahare mwisho, na umwambie na sababu, visu vya kupara samaki na watu wazima usiowajua na bahari ipo pale hatua mbili, na kubwa zaidi ni kwamba mtoto wa miaka 10 akishaizoea hela ya kila siku, kumrudisha kwenye kugawanya kwa njia ndefu ni kazi kubwa. Unawaona pale Deep Sea wale vijana walioanza hivyo, wewe unawajua kwa majina kuliko mimi.

Sasa tuje shuleni. Mwalimu mkuu kufunga lile jengo kafanya sawa kabisa, na ukienda kuongea anza kwa kulisema hilo. Ukuta ukiwa na nyufa watoto hawakai humo, hamna mjadala. Na shifti yenyewe si kitu kigeni, mimi ni mtoto wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974 watoto tulijaa shuleni kuliko vyumba, tukasoma wengine asubuhi wengine mchana, baadhi yetu chini ya mwembe, kwaiyo mumeo anaposema tulisoma hivohivo hasemi uongo. Ila amsikilize na shangazi: kati yetu tuliosoma hivohivo wapo wengi waliotoka darasa la saba barua wanaandikiwa. Mimi nilikuwa nawaandikia wenzangu.

Kosa ni moja, na wewe uliligusa pale kikaoni ukachekwa. Hakuna aliyewaambia watoto wanapoteza kiasi gani na hadi lini. Tupige hesabu basi, chukua kalamu. Zamani vipindi 8 mara siku 5, ni 40 kwa wiki, wiki mbili 80. Sasa hivi wiki ya asubuhi 6 mara 5 ni 30, wiki ya mchana 6 mara 4 ni 24, jumla 54. Vimeondoka 26. Kipindi cha darasa la nne ni dakika 40, kwaiyo ni dakika 1,040, ni masaa 17 na dakika 20 kila wiki mbili. Kwa siku zile za vipindi 8 ni siku 3 na robo zimepotea katika kila siku 10. Mwaka wetu wa masomo una siku 194, ikienda hivi mwaka mzima mtoto wako atakuwa amepoteza siku zaidi ya 60. Mwanangu hii si kupunguza kidogo. Na huyu yuko la nne, mwisho wa mwaka ana upimaji wa Baraza la Mitihani, NECTA, na yuko kwenye lile kundi ambalo msingi kwao ni miaka 6 badala ya 7 kwa sera mpya ya elimu, yani mwaka mmoja umeshaondoka tayari kwa juu, hamna wa la saba wa kuja kufidia.

Huko Marekani zipo wilaya, hasa za vijijini, zimekata wiki ya shule ikawa siku 4. Taasisi ya utafiti inaitwa RAND ilizifuatilia, ikatoa ripoti 2021, wazazi na watoto wengi waliipenda ratiba hiyo, lakini kadiri miaka inavyokwenda maendeleo ya watoto kwenye mitihani yalikuwa ya taratibu kuliko ambavyo yangekuwa wangebaki siku 5. Na wale kawaida wakikata siku moja wanarefusha zile nne zinazobaki. Nyie mmekatiwa siku na masaa ya siku pia. Nakwambia hili ili ukiambiwa unapenda mambo ujue wasiwasi wako una sababu.

Usiende peke yako. Tafuta wazazi watatu wanne wa la tatu na la nne, wapo, wale waliocheka kikaoni nusu yao walicheka kwa sababu wanaogopa kama wewe. Nendeni kwanza kwa mwalimu wa taaluma muombe ratiba ya sasa na ile ya zamani, hizo ni karatasi za kawaida zinabandikwa ukutani, hamuombi siri. Alafu muandikie barua kamati ya shule, fupi, ukurasa mmoja, wote mtie saini, jina lako lisiwe peke yake pale juu na hapo ndo ile hofu ya mama mkorofi inapungua. Kamati ina wawakilishi wa wazazi, mwalimu mkuu ni katibu wake, ndo mahali pake. Muweke ile hesabu ya vipindi 26 na muulize maswali mawili tu, jengo litatengenezwa lini na vipindi hivi vitafidiwa vipi. Nakala muipeleke kwa Afisa Elimu Kata. Kwa diwani pia, maana nyufa za ukuta mwalimu hawezi kuziba kwa chaki, hela za jengo zinatoka Halmashauri ya Jiji na mwaka wa fedha unaanza Julai, jambo lisiloingia kwenye bajeti mapema litasubiri mwaka mwingine. Ikipita wiki tatu nne hamjajibiwa, nendeni wenyewe kwa Afisa Elimu Msingi wa Jiji, na wathibiti ubora wa shule wapo, hao kazi yao ni kuangalia kama watoto wanafundishwa inavyotakiwa. Diwani anaweza kuwaambia jengeni boma mpaka usawa wa lenta halmashauri ipaue, mnajua inavyokuwa, sikatai, lakini boma ni miezi na nyie mna watoto wiki hii.

Na hapa ndo nina wazo ambalo nataka ulishike. Umeniambia ustadhi analalamika. Vizuri sana. Chuo chake kinaanza alasiri, asubuhi nzima kile chumba kipo tupu. Kama kiko karibu na shule, kina paa na mikeka, kwa nini la nne wasiazime asubuhi mpaka jengo litengenezwe? Shule yenu imekosa vyumba viwili, haijakosa walimu kwa jinsi ulivyoeleza. Ukipatikana ukumbi mmoja asubuhi, wa chuo, wa kanisa, hata ile ofisi ya serikali ya mtaa kama ina chumba kikubwa, shifti ya mchana ya darasa moja inakufa palepale, Ijumaa yao inarudi, na chuo watoto wanakiwahi. Ustadhi ana faida yake humo, mpelekeeni yeye kwanza, akikubali muende nae kwenye kamati, si wewe tena unaeongea, ni ustadhi. Shule ndo iombe rasmi kwa Afisa Elimu Kata, waje waangalie vyoo na usalama, watoto wasihamishwe kienyeji.

Twisheni. Umeuliza kama unawaonea walimu. Sitaki kuwahukumu, mwalimu wa shifti anasimama na chaki kutwa na mshahara unaujua. Lakini ni kweli pia kwamba mtoto akiuziwa asubuhi kile alichonyimwa mchana, hapo pana tatizo, na kamati inatakiwa iliangalie. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, mchango wowote ni wa hiari kwelikweli, na mtoto hafukuzwi wala hasimangwi wala somo la darasani halihamishiwi twisheni ili asielipa alikose. Hilo la mwisho uliangalie kwa makini: linganisha daftari lake na la mwenzie anaelipa, tarehe kwa tarehe. Ukikuta mada imefundishwa asubuhi kwenye twisheni na mchana darasani imerukwa, hayo si malalamiko tena, ni ushahidi, upeleke. Ukikuta hamna, basi mshukuru Mungu na uwaache. Kulipa, kwa hali uliyonieleza, mimi nasema usilipe. 2,500 kwa wiki kwenye nyumba inayobaki na 4,000 kwa siku ni chakula cha watoto, na mtoto mwenye njaa hata twisheni hasikii.

Ila asubuhi zile za wiki ya mchana lazima zipate mwenyewe. Wewe hauko peke yako mtaani kwenye hili, wapo watoto wengine wa la nne wanazagaa vilevile, wale wa baiskeli. Mkusanye mama watano, mtafute mtu mzima mmoja anaeshinda nyumbani, bibi au mzee mstaafu, watoto wakae barazani kwake saa 2 mpaka saa 5, wale uji, kila mama atoe alichonacho, wewe toa samaki, yeye hahitaji kuwa mwalimu, anahitaji kuwa na macho. Binti yako wa form two awatolee mazoezi jioni ya jana yake, kugawanya, sehemu, kusoma kwa sauti. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, kwa simu ya jirani yeyote mwenye bando mnavipakua mara moja. Na siku za Ijumaa anazobaki, kama binti anaweza au kuna jirani anaeenda mjini, ipo maktaba ya mkoa.

Muheza mimi nasita. Bibi anampenda, najua, na shule ya kule inasoma mpaka saa 8. Lakini huyu mtoto amekuja kukupa soksi mkononi. Ukimsafirisha mwezi huuhuu, yeye atakachoelewa ni kwamba amefukuzwa kwa sababu ya kupara samaki, na hamna maelezo yatakayomtoa hilo kichwani. Muheza iweke iwe akiba. Jipe mpaka mwisho wa muhula huu, kama kamati imenyamaza na jengo halijaguswa na chuo kimekataa, hapo mpeleke, kwa uhamisho wa karatasi, na umwambie sababu ni vipindi.

Baba yake usibishane nae kwa simu akiwa njiani na roli. Akirudi mpe daftari. Usimwambie kitu, mpe tu lile lenye magamba alifungue mwenyewe, alafu mpe hesabu yangu ya siku 60. Na umwambie kwenye ile barua ya kamati mnataka saini ya baba pia, barua ikiwa na wanaume inasomwa haraka, haipendezi lakini ndo ilivyo na mimi nataka isomwe.

Niandikie ukishaongea na ustadhi, hata maneno mawili.